Sosi ya Baba Isiyo na Chumvi

Siku hizi nguo zangu zote zinanuka ukwaju. Nikifua, ukwaju. Nikianika juani siku nzima, ukwaju. Nikivaa gauni la kutokea nikakaa karibu na mtu, namuona anavuta pua kidogo halafu anageukia upande mwingine. Nimechoka kueleza kwamba mie ndiye mpika sosi wa nyumba yetu, sosi isiyo na soya, isiyo na chumvi, na anayepikiwa mwenyewe haipendi.

Anayepikiwa ni Baba. Tunaishi Mbagala, watu wanne: Baba, Mama anayeuza khanga sokoni, kaka yangu anayeendesha bodaboda, na mie niliyemaliza kidato cha nne nikawa nasubiri kwenda chuo. Nyumbani kwetu mtu anayesubiri anahesabiwa hana kazi. Ndiyo maana kazi hii iliniangukia bila hata kuulizwa.

Kabla hajaumwa, Baba alikuwa mpishi. Alipikia kambi ya Wachina waliokuwa wanajenga barabara, kule mbele ya Mbezi Luis. Aliingia kupikia vibarua ugali na maharage, baadaye wakamhamishia jiko la wakubwa, na huko ndiko alikokutana na soya sosi. Kambi ilipofungwa alirudi nyumbani na visu vyake vizuri na tabia moja mbaya. Alikuwaga anaimwaga kwenye kila kitu. Kwenye wali, sawa. Kwenye mayai, sawa. Lakini mtu anachukua muhogo wa nazi, mweupe, umetulia, anaumwagia soya mpaka unakuwa kama umepakwa oili chafu ya gari.

Mama ni mtu wa Pwani, tui la nazi kwake ni heshima. Alikuwa anamuangalia tu, halafu anasema, "Mie nimekuna nazi mpaka kidole kimechubuka, wewe unaimwagia wino."

"Wino mtamu," Baba anajibu, anaendelea kula.

Ilikuwa mzaha wa nyumbani. Hatukujua tunacheka na kitu gani.

Asubuhi moja alikuwa anatawadha uani, kopo likamponyoka mkono wa kushoto. Akaliokota, likamponyoka tena. Alipogeuka kutuita mdomo ulikuwa umeenda upande. Kaka alimbeba mpaka barabarani, tukapata bajaji, tukampeleka hospitali. Alilazwa, akarudi. Mdomo ulirudi mahali pake, mkono ulirudi nusu.

Siku ya kuruhusiwa daktari alimuuliza anakula nini. Baba akasema anakula vizuri, hana shida. Mama hakuvumilia.

"Daktari, huyu anakula soya sosi. Chakula anakitia pembeni kama kitoweo."

Kaka akatoa simu, akamuonyesha picha ya chupa. Daktari akaikuza kwa vidole, akasoma maandishi ya nyuma, akarudisha simu.

"Hii ni chumvi iliyotiwa rangi," alisema. "Itoke nyumbani. Na vile vikyubu vya mchuzi vitoke. Mzee, presha umeishi nayo muda mrefu bila kujua. Safari hii kiharusi kimekuwa kidogo. Kikija kingine siwezi kukuahidi kama utabaki unaongea."

Tulipofika nyumbani Mama alichukua chupa ya soya, akaenda kuimwaga kwenye shimo la maji machafu huku anasoma dua. Mie nilikuwa nasafisha jiko. Nilidhani kazi imeisha.

Kazi ilikuwa haijaanza. Baba aligoma kula. Si kugoma kwa maneno, hapana, Baba si mtu wa kelele. Alikuwa anakaa, anasema bismillahi, anamega matonge mawili matatu, anatafuna kama mtu anayetafuna pamba, halafu ananawa. "Alhamdulillahi, nimeshiba." Ameshiba nini. Akimeza vidonge vya presha na tumboni hamna kitu, akisimama anashika ukuta. Kanzu ya Ijumaa ikaanza kumning'inia mabegani. Tulikuwa tunaogopa asije akapata kiharusi cha pili, na huku anaisha kwa njaa mbele ya chakula.

Mtu wa nje atasema si jambo kubwa, mpikieni chake, nyie kuleni chenu. Tulijaribu. Mama alipakua wali na samaki wa Baba kwenye sahani, akafunika na kawa, akaweka mbele yake. Sie tukakaa kwenye sinia letu na samaki wetu mwenye chumvi. Baba alifunua kawa, akaangalia sahani, akaangalia sinia.

"Humu ndani nani ana ugonjwa wa kuambukiza?"

"Hakuna, baba watoto," Mama alisema. "Ni kwa ajili ya dawa yako tu."

"Mie nimeona watu wanaotengewa sahani. Ni mgeni mwenye haraka na mtoto aliyesusa. Mie siyo mgeni." Akarudisha kawa juu ya sahani, akainuka, akaenda kukaa barazani.

Nyumbani kwetu watu wanakula sinia moja. Ndivyo alivyolelewa Baba, ndivyo alivyotulea. Mnakaa mkekani mnalizunguka, kila mtu ana upande wake, unakula kilicho mbele yako, hupeleki mkono upande wa mwenzio. Tukiwa wadogo ukipeleka mkono kwenye mnofu ulio mbele ya mwingine, Baba alikuwa anaugonga kwa vidole, kidogo tu, bila kukuangalia, na anaendelea na mazungumzo yake. Kumtoa mtu kwenye sinia ni kumwambia hayupo tena.

Basi Mama akapitisha sheria. Sinia moja, chakula kimoja, hamna chumvi kwa mtu yeyote.

"Yaani anayeumwa presha mmoja, tunakunywa dawa wote," kaka alisema.

"Utakunywa kofi," Mama alimwambia. Akanigeukia. "Na wewe umesoma. Tafuta kitu cha kumtia huyu mzee hamu."

Nikashika simu. Kumbe duniani kuna watu wengi wanaotafuta kitu hikohiko. Wengine wakila soya miili inawavimba. Wengine hawawezi ngano, na soya sosi nyingi zina ngano ndani. Wengine ni kama Baba, chumvi ndiyo adui. Wote wanapika sosi ya kuiga. Nilifurahi dakika tano hivi, halafu nikaanza kusoma wanapikia nini. Siki ya zabibu ya nchi sijui gani, iliyokaa kwenye pipa. Maji ya miwa yaliyopikwa yakawa meusi kama lami. Mwingine anaandika kabisa hii ni kwa wasiotaka chumvi, halafu chini anakwambia tia chumvi kijiko. Nikaizima simu. Nikaamua nitapika kwa vilivyopo Mbagala.

Ya kwanza ilikuwa sukari ya kuunguza na ukwaju. Wazo langu lilikuwa kwamba sukari itatoa weusi na ukwaju utatoa ukali. Sukari ukiiunguza ina sekunde moja kati ya kuwa rangi nzuri na kuwa mkaa. Hiyo sekunde mie sikuiona. Sufuria lilinuka mpaka jirani akauliza kama tunachoma tairi. Baba alilamba kidole, akafikiri.

"Rangi umepata," alisema. "Ladha ni ya sufuria."

Ya pili nilichemsha tende. Niliziondoa kokwa, nikachemsha na ukwaju, kitunguu saumu na tangawizi, nikachuja kwa kitambaa, nikarudisha jikoni mpaka ikawa nzito nyeusi. Kwa macho ilikuwa soya kabisa. Nikajiona nimeshinda. Nikaokota ile chupa ya zamani, nikaiosha, nikaijaza, nikaiweka katikati ya sinia bila kusema neno. Baba akaichukua, akaitikisa, akaiangalia inavyoteremka kwenye kioo. Hata hakuifungua.

"Mwanangu, mie nimekaa na Wachina. Unanidanganya na chupa?"

"Onja kwanza, Baba."

Akaonja. "Hii ni juisi ya futari," akasema. Kaka alicheka mpaka wali ukampalia. Mie nilitamani kuinuka niondoke. Nilikuwa nimekaa juu ya mkaa tangu asubuhi, macho mekundu, mgongo unauma, na mtu anacheka.

Lakini siku hiyo Baba aliniita barazani baada ya kula. Akaniambia utamu wa soya haukai mbele ya ulimi. "Unakaa nyuma, huku," akagusa koo. "Kama mchuzi wa nyama uliolala. Wewe unanitilia tamu na chachu, vyote vinakaa mbele. Huku nyuma hamna kitu." Ilikuwa mara ya kwanza tangu augue anaongea kuhusu chakula bila uso wa kuonewa. Nikamsikiliza, ingawa nilikuwa namalizia hasira.

Kitu cha nyuma ya ulimi nilikipata kwa jirani. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Iringa, na kwao wanamtumiaga uyoga mkavu. Nilimkuta anauloweka kwa ajili ya mboga, nikanusa yale maji. Harufu ilikuwa ya nyama na udongo uliolowa. Nikamwambia shikamoo na hapohapo nikamuomba maji ya uyoga, hata salamu haijakaa sawa.

"Maji?" alishangaa. "Chukua na uyoga wenyewe."

Mama alipoona kifuko alirudi hatua nyuma. Huku kwetu uyoga si kitu cha kukiingiza jikoni hivihivi.

"Huo si ndio unaua watu?"

"Ni wa kula, Mama. Mwalimu anakula kila siku."

"Basi mwite aje ale kwanza, mie nimuone."

Akaitwa kweli. Jirani alikuja, akala kipande mbele ya Mama, akatafuna polepole makusudi. "Mama, unadhani serikali ilinihamishia Mbagala nije niwamalize?" Mama akacheka kwa aibu, lakini alisubiri mpaka jioni ndipo akaniruhusu kuwasha jiko.

Hiyo ndiyo sosi ninayopika mpaka leo. Mifupa ya ng'ombe inachemka asubuhi nzima, haina chumvi. Maji ya uyoga yanaingia, uyoga unaingia. Kitunguu saumu kilichochomwa kwenye mkaa mpaka ganda limekuwa jeusi, tangawizi, pilipili manga. Tende chache kwa ajili ya rangi. Ukwaju kidogo, mwishoni. Unachuja, unaacha ipungue moto mdogo, unakaa hapohapo kwa sababu ukiondoka inaungua. Sufuria zima linatoa chupa moja ndogo, na haikai, hamna chumvi ya kuitunza, hivyo baada ya siku chache unaanza upya.

Baba alionja. Akaonja tena. "Siyo soya," alisema. "Ila ni kitu."

Akaanza kula. Siku za kwanza kidogo, baadaye zaidi, na baada ya muda mkono wake ulikuwa unaenda na kurudi kwenye sinia kama zamani. Mama aliniangalia kwa jicho la shukrani ambalo kwa kawaida analiweka kwa kaka. Mashavu ya Baba yakarudi. Mie nikaanza kuuliza habari za chuo.

Halafu tukaenda kliniki. Nesi alimfunga kile kitambaa mkononi, akapima, akakunja uso, akapima tena mkono wa pili.

"Mnampa chumvi huyu mzee."

"Hatumpi," nilisema.

"Dada, mashine haina sababu ya kumsingizia mtu. Imepanda kuliko alivyokuja mara ya mwisho."

"Mie ndiye ninayepika. Chumvi nyumbani hamna."

Nesi aliniangalia kama anavyowaangalia wote wanaosema hivyo. Baba alikuwa anaangalia sakafu. Nilifikiri anaona aibu kwa ajili yangu. Daktari aliongeza vidonge, tukarudi nyumbani, na mie njiani nilikuwa nazipitia sufuria zangu moja moja kichwani. Labda uyoga. Labda mifupa. Nilitaka kulia kwa uchovu.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, niliweka sinia. Wali, samaki wa kupaka aliyepikwa bila chumvi, sosi yangu kwenye bakuli. Siku hiyo sikula, nilikaa naangalia. Kaka aliposema bismillahi mkono wake ulipita mfukoni kwanza, halafu ukapita juu ya upande wake wa sinia, vidole vikisuguana kidogo. Haraka sana. Kama hutafuti huoni. Halafu Baba, anayeongea na Mama habari za msikitini, akapeleka mkono. Haukwenda mbele yake. Ulivuka katikati, ukaenda mpaka upande wa kaka, ukamega tonge huko, ukarudi. Baba. Aliyetugonga vidole utoto mzima.

Mie nikapeleka wangu hukohuko. Nikaweka mdomoni. Chumvi.

"Toa kilicho mfukoni," nilimwambia kaka.

"Kitu gani tena?"

"Toa."

Mama aligeuka. Kaka akatoa karatasi iliyokunjwa, akaiweka mkekani, chembe nyeupe zikamwagika pembeni.

"Mie nakaa juani na pikipiki kutwa," alisema, sauti ya chini. "Jasho linanitoka ndoo nzima. Siwezi kula majani kila siku. Nilikuwa natia kwangu tu. Upande wangu. Nani angejua kama Baba atakuja huku? Baba huyu huyu?"

Mama alifungua mdomo kumtukana, ukabaki wazi. Kwa sababu ilikuwa kweli. Katika nyumba yetu hakuna ambaye angefikiria. Kaka alitegemea adabu ya Baba kama unavyotegemea ukuta.

"Muacheni," Baba alisema. Alikuwa amerudisha mkono, ameuweka juu ya goti, umechafuka wali. "Mie nilimuona siku ya kwanza tu. Nikaonja. Nikasema kesho naacha."

Nje kulikuwa na mtu anapiga singeli kwenye spika, kelele zote zinaingia ndani, na sie tumekaa.

"Nesi alinitukana mie," nilisema. Sikukusudia sauti iwe vile. "Mie nakaa pale jikoni kutwa, Baba. Naunguza vidole. Nanuka kama duka la viungo. Unaniona, unanyamaza, unakwenda kuchota chumvi kwa kaka. Ukianguka tena tutakubeba sie. Mie nimechoka."

Mama akasema, "We mtoto, unaongea na baba yako."

"Mwache," Baba alisema. "Amechoka kweli. Na mie nimechoka, mama," akaniambia mie, hivyo ndivyo anavyoniitaga akiwa mpole. "Kula kwa kuogopa kunachosha."

Halafu akalisukuma sinia kidogo, kwa mkono ule mzima, likasogea kwa kaka.

"Nitengeeni sahani."

"Baba watoto," Mama alianza.

"Nikiwa hapa naiba. Sitaki kuiba mbele ya watoto. Wao watilieni chumvi yao, wale. Mie nitengeeni."

Mama aliinuka kwenda jikoni na alichelewa kurudi, nikajua analia kule. Aliporudi na sahani macho alikuwa ameyaosha. Alipakua kutoka upande ambao haukuguswa, akaiweka mbele ya Baba. Baba akajisogeza mwisho wa mkeka, karibu na mlango. Si mbali, ila alionekana yuko mbali sana. Kaka alikuwa ameinamia sinia bila kula.

Sikufikiria. Mie si mtu wa kufikiria sana, ndivyo wanavyoniambia. Nilichukua bakuli la sosi, nikahamia kwenye ile sahani, nikakaa upande wa pili.

"Wewe rudi ukale na wenzio," Baba alisema.

"Chumvi sijaila muda mrefu, imenikera mdomo." Ilikuwa kweli. Lile tonge la kaka lilikuwa bado linaniwasha ulimi.

Akaniangalia, akamwaga sosi kidogo upande wake, akamwaga kidogo upande wangu. Tukaanza kula. Sahani ni ndogo kwa watu wawili, vidole vinagongana. Baada ya matonge kadhaa akaanza kuipima sosi, kama mpishi anavyompima mpishi.

"Ukwaju umezidi leo."

"Sawa."

"Na kitunguu hukukichoma vizuri. Ulikuwa na haraka."

"Nilikuwa na haraka."

Akaendelea kula. Niliacha kumuangalia kwa sababu mtu anayeangaliwa hali vizuri, nikaangalia mlango. Nilipogeuka sahani ilikuwa nyeupe, na Baba anapangusa kwa kidole mahali sosi ilipobaki.

"Kimebaki chochote jikoni?" aliuliza.

Hakikubaki. Wali wote niliupakua kwenye sinia, na sinia lilishakuwa la chumvi. Nikamwambia asubiri. Nikainuka, magoti yananiuma, nikaenda kuchochea mkaa na kubandika sufuria upya.